Kilichokuwa Nyuma ya Wema

Kabla ya lenzi ile kufika Newala, Mabel Cecil alikuwa mpiga picha wa kawaida tu. Baba yake, mzee Cecil, aliwahi kuwa na studio ya mbao karibu na misheni ya Masasi, na humo ndimo Mabel alimojifunzia kazi tangu usichana wake: kuchanganya dawa gizani, kuanika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kumwambia mtu anyanyue kidevu bila kumwudhi. Alipoolewa Newala alihama na kamera ya baba yake, na mumewe, fundi baiskeli, akamjengea chumba kisicho na dirisha nyuma ya nyumba kwa ajili ya kusafishia picha. Watu walimwita Mama Getrude, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alipiga picha za vitambulisho, za kipaimara, za watoto waliotoka jandoni, na za marehemu kabla hawajafunikwa. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, mwenye desturi ya kumtazama mtu kitambo kabla hajamjibu.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka popote, Nurdini mwenye duka pale stendi alirudi kutoka Dar es Salaam na maboksi ya vitu vya mtumba. Ndani yake mlikuwa na pasi za umeme, redio zisizo na vifuniko, viatu vya mguu mmoja mmoja, na katikati ya soksi za watoto, lenzi ya kamera nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa. Nurdini hakujua aifanyie nini. Mabel aliijaribu kwenye kamera yake, ikaingia na kulia tiki. Wakakubaliana aichukue, naye atampigia Nurdini picha nzuri za mandhari kwa ajili ya kalenda ya duka, maana mwaka ule kila mfanyabiashara alitaka kuwa na kalenda yake.

Ilikuwa lenzi ya kuvuta, lakini ya aina isiyorefuka wala kufupika. Ukitaka sura ikaribie, unasogea kwa miguu yako mwenyewe. Kioo chake kilikuwa kipana kama kisahani cha kahawa. Tundu lake likifunguliwa lote lilikunywa mwanga kiasi kwamba Mabel aliweza kupiga mtu chini ya mikorosho jioni bila taa. Na hapo ndipo yalipokuwa maajabu yake. Ukilenga macho ya mtu, macho yanatoka makali mpaka kope zinahesabika, masikio yanaanza kulegea, na kila kilicho nyuma kinayeyuka. Banda la kuku linakuwa ukungu wa kahawia. Miti inakuwa moshi wa kijani. Mtu anabaki peke yake duniani, kana kwamba amesogezwa mbele ya vitu vyote. Ukilifunga tundu likawa dogo, na kamera ukaiweka juu ya stendi yake, basi lenzi hiyohiyo inakupa bonde zima, la karibu na la mbali, kila jani mahali pake, na vilima vya ng'ambo ya Ruvuma vinakuja kama vimeitwa.

Watu waliipenda. Walikuja kutoka Tandahimba na Kitangari kupigwa picha ambayo, kama walivyosema, inamtoa mtu.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule Mabel alipanda pikapu akaenda Nandimba, kitongoji kilicho ukingoni mwa mteremko nje kidogo ya Kitangari. Aliitwa na Pili, mama mmoja mjane aliyeishi na binti yake wa pekee, Wema. Binti alikuwa amechumbiwa, harusi ilingoja mavuno ya korosho, na mchumba aliomba picha. Wema alivaa gauni la mtumba la samawati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akasimama uwanjani mbele ya nyumba, hajui mikono aiweke wapi.

Jua lilikuwa linashuka. Mabel alifungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili kuni na vibanda vya nyuma vipotee. Alilenga macho. Alipokuwa karibu kubonyeza, mzee mmoja alipita kwa mbali nyuma ya msichana, amejikunja chini ya mzigo wa nyasi za kuezekea, mkononi ana fimbo. Mabel alimwona, akamtambua. Angeweza kungoja apite, lakini tabasamu lilikuwa linamjia Wema usoni, tabasamu la aina isiyorudi mara ya pili. Akabonyeza. Kwa lenzi ile mtu aliye mbali namna ile hatoki kama mtu, anatoka doa la rangi, na doa halimsumbui yeyote.

Picha iliporudi kutoka Mtwara, zilikosafishwa picha za rangi, Pili aliishika kwa ncha za vidole. Alisema hajawahi kujua kuwa mwanawe ana macho ya bibi yake. Nakala moja ilikwenda kwa mchumba, nyingine ikatundikwa ukutani.

Ni katika majuma hayo habari za simba zilipoanza kupanda kutoka bondeni. Kwanza walikuwa mbuzi. Kisha mwanamume aliyelala kwenye dungu akilinda shamba lake hakurudi nyumbani, na waliokwenda kumtafuta walirudi hawasemi walichokiona. Watu wakaanza kufunga milango jua likiwa bado lipo. Wanawake wakawa wanashuka kwenda visimani kwa makundi, wakigonga ndoo. Hawakulitaja jina lake, walisema "yule". Wakasema pia kwamba simba wa porini hula nguruwe na kwenda zake, lakini yule anachagua. Ametumwa, walisema, na aliyemtuma anaamka nasi kila siku na kutusalimia.

Kalenda ya Nurdini ilikuwa bado. Alitaka bonde lenye ukungu wa asubuhi. Mabel alilala kwa shangazi wa mumewe pale Nandimba, na kulipopambazuka akasimamisha stendi kwenye ukingo, hatua chache kutoka nyumba za watu. Alifunga tundu likawa dogo kabisa, akatia jicho.

Bonde lilikuwa limetulia. Ukungu ulilala chini kama maziwa yaliyomwagika. Njia ya kisimani ilionekana nyembamba na nyeupe, na juu yake mstari wa wanawake wakipanda na ndoo kichwani, wadogo lakini wazi, mpaka rangi za kanga zilitambulikana. Mabel alikuwa anangoja mstari ufike penye jua.

Mstari ulikatika. Hakusikia kitu. Aliona wanawake wametawanyika, aliona vinywa vimefunguka, na hakuna sauti hata moja iliyomfikia. Ndoo ya njano ilibingirika ikakwama kwenye kichaka. Chini yake nyasi ndefu ziligawanyika, zikaendelea kugawanyika kuelekea bondeni, kwa mstari ulionyooka, bila haraka. Ndipo makelele yakafika, membamba membamba, kama yanatoka nchi nyingine. Mabel alitoa jicho kwenye kamera na bonde likarudi kuwa mbali na zuri kama kwanza. Hakuwa amebonyeza. Baadaye watu walimwuliza mara nyingi kama alipiga picha ile, akasema hapana, na wako ambao hawakumwamini.

Aliyechukuliwa alikuwa Wema.

Walizika kilichopatikana siku ileile. Matanga yaliwekwa kwa Pili, wanawake ndani, wanaume uwanjani juu ya magogo. Mabel alibaki, hakuweza kuondoka. Siku ya pili aliingia Mohamedi, kaka mkubwa wa Pili, ambaye watu walimwita Baba Hamudi. Yeye ndiye aliyekuwa mjomba wa marehemu, na kwa desturi za kule mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mohamedi alikuwa mtu wa makamo, mkulima hodari, asiyepandisha sauti. Aliitoa picha ukutani akatoka nayo mlangoni penye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

"Mama Getrude," alimwita. "Hiki kilicho nyuma yake ni nini?"

Mabel hakuwa amelala. Alijibu kama anavyojibu mtu aliyeulizwa juu ya kazi yake.

"Si kitu, Baba Hamudi. Ni mzee Awadhi, alikuwa anapita na nyasi zake."

Mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele aliacha kupepeta. Ukimya ule ndio uliomzindua Mabel. Mohamedi alimpa picha, naye akaitazama kwa mara ya kwanza kama wao walivyoitazama. Nyuma ya bega la msichana palikuwa na kiwiliwili cha rangi ya kahawia, kimeinama. Kuzunguka kichwa chake nyasi zilikuwa zimening'inia zikawa manyoya. Mguu na fimbo vilikuwa miguu miwili ya mbele. Na kwa vile lenzi ilivuta cha mbali kikasogea, kilionekana kimefika karibu kabisa, mdomo wake sawa na sikio la Wema.

Alianza kueleza habari ya tundu, ya kulenga, ya mwanga. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayetetea jambo. Mohamedi aliichukua picha polepole na kuirudisha ukutani.

Awadhi alikuwa mzee aliyevuka Ruvuma miaka ya vita vya Msumbiji, na akabaki. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake Esha aliolewa Chiungutwa, upande wa Masasi. Mzee aliishi peke yake nyumba ya mwisho ya kitongoji, akiezekea watu nyumba. Paa nyingi za Nandimba zilikuwa kazi yake. Lakini sasa watu walikumbuka mambo mengine: kwamba anatembea peke yake alfajiri, kwamba lugha anayoisema usingizini si ya hapa, kwamba tangu yule aanze kuja, mzee hajaguswa.

Juma lililofuata Mabel alirudi Nandimba kumwona. Alimkuta amekaa kizingitini. Kuzunguka nyumba nzima palikuwa pamemwagwa majivu, mapana kama kitanda, na juu ya majivu palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu zikitoka mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, usiogope. Wanataka kujua ninatoka kwa miguu gani."

Mabel alimwomba radhi kwa kulitaja jina lake. Mzee alisema hakuna radhi hapo, maana alisema kweli. Alikuwa anapita na nyasi. Mabel akamsihi aende kwa Esha, hata leo. Awadhi alitikisa kichwa.

"Nikiondoka, simba akitulia watasema ni mimi niliyeondoka. Akirudi, watasema nimerudi. Hapa angalau wananiona."

Mabel aliondoka na wazo moja, na njia nzima alilishikilia. Watu wangeona wenyewe. Kamera yake ilikuwa ya aina ambayo jicho huona kupitia lenzi ileile inayopiga; hakuna haja ya kungoja filamu isafishwe. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa anaogopa kuliko alivyoonyesha, alikubali haraka. Pili naye, alipoulizwa, alikubali kusimama mahali aliposimama mwanawe.

Walikusanyika Jumapili jioni, saa ileile ya jua. Mabel aliweka kamera kwenye stendi. Pili alisimama mbele, amejifunga kaniki. Mbali nyuma yake alisimama Awadhi na koti lake la kaki, mzigo wa nyasi kichwani, fimbo mkononi, miguu ikimtetemeka kwa uzito. Mabel aliwaita mmoja mmoja. Aliwaambia watie jicho. Walimwona Pili waziwazi na nyuma yake lile doa. Kisha alizungusha pete ya lenzi, na Pili akayeyuka, na kule nyuma akajitokeza mzee.

Wa kwanza kutazama, mama mmoja mwenye duka la chumvi, alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Wa pili alitaka kurudia. Watu walianza kupumua. Vijana wakasukumana kwenye foleni. Mwenyekiti alimpongeza Mabel kwa sauti ili wote wasikie.

Kisha ikawa zamu ya Mohamedi. Aliinama, akatia jicho. Mabel, kwa kutaka aelewe vizuri kuliko wote, alizungusha pete polepole. Mohamedi hakusogea. Aliposimama, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimemwona," alisema kwa utulivu. "Alikuwa mnyama. Akageuka, akawa mtu. Mbele ya jicho langu."

Yule mama wa chumvi aliweka mkono mdomoni. Kwa kweli hata yeye ndicho alichokiona. Wote waliotazama ndicho walichokiona. Mabel aliuona uwanja unabadilika kama bonde lilivyobadilika asubuhi ile, bila sauti.

"Ni mimi niliyezungusha, Baba Hamudi," alisema. "Ni mkono wangu huu."

"Basi mkono wako umo."

Vijana wawili walikwishaanza kusogea kuelekea alipokuwa mzee. Awadhi aliendelea kusimama na mzigo wake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia autue. Hapo Pili aliondoka mahali pake, akaja hadi kwenye kamera. Yeye tu ndiye ambaye hakuwa ametazama. Mabel ilibidi asimame mahali pa Wema ili pawe na mtu wa kulengwa, na Pili akaizungusha pete mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka watu wakachoka kungoja. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikutikisika.

"Mtoto alikuwa wangu. Mimi nimemwona mzee na nyasi."

Alipita katikati ya wale vijana, akautua mzigo kichwani kwa Awadhi, akamshika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamwongoza mpaka nyumba ya msiba. Mlangoni aligeuka.

"Kaka, mwenye neno naye atamkuta kwangu, kwenye mkeka wa matanga."

Hakuna mwanamke wa Nandimba aliyewahi kumjibu kaka yake mkubwa hivyo mbele ya watu. Mohamedi alitazama chini. Alisema nyumba ya msiba haiingiwi kwa hasira. Kisha akaongeza, kana kwamba anakumbusha jambo la kawaida, kwamba matanga yana mwisho wake.

Usiku ule nyumba ya Awadhi iliungua. Asubuhi palikuwa na mraba mweusi na mtungi uliopasuka, na kila mtu alikuwa amelala na hakuna aliyesikia. Mabel alikwenda Kitangari, akamwomba dereva wa lori lililobeba korosho kwenda Masasi. Awadhi alikaa katikati ya magunia, amefunikwa turubai, na Mabel kando yake. Walipofika Chiungutwa, Esha alimpokea baba yake kwa magoti, akamletea maji, na hakuambiwa habari yote. Awadhi aliishi kwake misimu kadhaa, akiezekea watu huko, akafa kitandani kwa uzee.

Kabla mvua za mwaka ule hazijashika, askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba jike karibu na visima. Alikuwa mzee, taya lake limeoza upande mmoja, hawezi tena kukamata nguruwe. Askari walimlaza uwanjani Kitangari ili watu waone na waondokewe na hofu. Watu walikuja wengi. Mohamedi naye alikuja, akamzunguka yule mnyama mara moja, akainama kumwangalia usoni.

"Na huyu," aliuliza, "alikuwa nani?"

Askari walidhani anatania. Waliosimama karibu naye hawakudhani hivyo.

Hakuja simba mwingine. Lakini Mohamedi hakuingia tena kwa dada yake mpaka dada alipokufa, na Pili hakuishusha ile picha wala hakuikata. Iliendelea kuning'inia nzima. Wageni walipoingia walichagua kukaa upande ambao hawataiona, na baada ya muda wageni wenyewe wakapungua.

Kwa Mabel mambo yalikwenda namna ambayo hakuitarajia. Alidhani watu watamkimbia. Wengine walimkimbia kweli. Ila wengine, wa mbali, walianza kuja. Walikuja na nguo safi, wakasalimia vizuri, wakapigwa picha ya kawaida, kisha wakabaki wamesimama. Waliuliza kama ile lenzi ya Kitangari bado ipo. Alikuwa sasa anawapiga watu wote ukutani, migongo imegusa udongo, ili nyuma yao pasiwe na nafasi ya kitu chochote, na lenzi ameiacha kwa ajili ya mabonde tu. Hata picha za mabonde watu walizishika karibu na macho na kupekua vichaka. Alitaka kumrudishia Nurdini lenzi yake. Nurdini hakuipokea, alimwambia watu wengi wanaulizia lenzi za namna hiyo siku hizi, na ameshaagiza nyingine Dar es Salaam.

Siku moja, mchana, alikuja mwanamke kijana kutoka Tandahimba, mke wa watu, mpole, Biblia ndogo ikionekana ndani ya pochi yake. Alieleza anataka picha nyumbani kwao, uwanjani, jioni. Yeye atasimama mbele. Nyuma yake, kwa mbali, atakuwepo mama mkwe wake, anafanya kazi zake, wala hana haja ya kuambiwa.

"Wewe nilenge mimi tu," alisema. "Yeye mwache atoke atakavyotoka."

Mabel alimtazama kitambo. Kisha akamwambia lenzi imeharibika.

Yule mwanamke aliangalia juu ya meza, mahali lenzi ilipokuwa imelala juu ya kitambaa, kioo chake kizima na safi, kimejaa mwanga wa mlango. Hakubishana. Alisema hana haraka, atangoja mpaka ipone. Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, akatandaza kanga yake vizuri magotini, na akaanza kungoja.